Kwa Mzee Onsare, Kuhusu Askofu Blasi na Koo Langu

Mzee wangu Onsare,

Juzi mchana ugali ulinikwama. Haukukwama pale juu, ambapo mtu hukohoa, jirani akampiga mgongoni, yakaisha. Ulikwama chini zaidi, nyuma ya mfupa wa kifua, palepale ulipokuwa ukiweka kidole na kusema, "Hapa, Msabato. Hapa kuna mtu amekaa kitako na hataki kuondoka." Nikanywa maji. Maji nayo yakafika, yakasimama juu ya ugali, yakangoja. Nikatoka nje kama mtu anayekagua migomba yake, nikainama, nikatema vyote. Nikarudi nikamwambia Moraa chakula kilikuwa kitamu.

Si mara ya kwanza. Ilianza na nyama, nikailaumu nyama. Yakaja mahindi ya kuchoma, nikayalaumu meno. Sasa ni obokima, ugali wetu wa wimbi, chakula nilichokula kabla sijajua jina langu, na sioni cha kukilaumu. Naogopa, Mzee. Naogopa hata kumeza mate nikiwa nimekaa na watu. Sijamwambia Moraa, na kama mke hajui, basi hakuna anayejua. Nakuandikia wewe kwa sababu ndiye mtu pekee ninayeweza kumwambia bila kuona uso wake ukibadilika. Tena wewe ulipita njia hii mpaka mwisho wake. Ungekuwa na adabu ungeniachia alama mahali pa kugeukia.

Ngoja nikupe kwanza habari za nyumbani, nisije nikaonekana nimekuja na shida tu.

Kaburi lako limetulia. Mama Kerubo alipanda maua, ng'ombe wako akayala, akapanda tena, ng'ombe akaja tena. Sasa ameacha. Anasema mlikuwa mnapendana na huyo ng'ombe, mmalizane wenyewe. Siku ya mazishi ulisifiwa mpaka nikainua shingo kuona kama lile jeneza ni lako. Ukaidi wako uliitwa msimamo. Ulimi wako mkali uliitwa ucheshi. Mama Kerubo alipopewa nafasi ya kusema alisema jambo moja tu: "Mzee wangu alipenda kula." Watu wakacheka, wakadhani mjane anajipa moyo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeziona zile sahani za miezi ya mwisho zikirudi jikoni kama zilivyotoka, na nilimwona akizipokea, akizifunika kama za mgeni aliyechelewa.

Banda letu la kuchongea bado limesimama hapa Tabaka. Mawe yanakuja kutoka machimboni kama kawaida, wanawake wanapiga msasa kwenye karai la maji kama kawaida, na umbea unaendelea kama kawaida, ila sasa hakuna wa kuwaambia wapunguze sauti ili wewe uongeze ya kwako. Nimekalia gogo lako. Si kwa heshima, usijivune. Ndilo pekee lisiloyumba.

Na Blasi bado yuko.

Unamkumbuka? Utamsahauje! Wale Wakatoliki wa kigango kidogo kule Nyamira, wenye kanisa lililopewa jina lake, walitaka sanamu yake ya jiwe la Kisii, na ya Ulaya ya plasta hawakuitaka. Ulifurahi kama mtu aliyeombwa kumchonga baba yake. Ulimaliza askofu mzima: kofia ndefu, ndevu, macho yanayotazama juu mbinguni, mkono wenye mishumaa miwili iliyopishana. Miguuni pake uliacha bonge la jiwe ambalo halijaguswa. Ulisema humo ndani kuna mtoto na utamtoa ukipata nafuu.

Hukupata nafuu. Mtoto ameniangukia mimi.

Yote ninayoyajua kuhusu Blasi niliyapata kwako. Sisi Wasabato hatuna shughuli na watakatifu, na wewe ulilijua hilo, ndiyo maana ulikuwa ukinihubiria huku mikono yangu imeshika jiwe na siwezi kukimbia. Ulisema alikuwa askofu wa mji wa Sebaste, mbali huko Armenia, enzi ambazo Mkristo alikuwa akiwindwa. Ulisema kabla ya kuvaa kofia ya uaskofu alikuwa daktari. Msako ulipozidi akakimbilia mlimani akaishi pangoni, na pango hilo ulivyolieleza, Mzee, lilikuwa na mgomba mlangoni na shamba la chai upande wa chini. Wanyama wagonjwa wakawa wanamfuata. Chui mwenye mwiba mguuni. Dubu mwenye jicho bovu, ila kwa vile hatujawahi kumwona dubu ukamfanya fisi. Wakimkuta anasali, wanangoja nje, fisi kando ya mbuzi, na hakuna anayeruka foleni. "Si kama nyinyi mkienda zahanati," uliwaambia akina mama wa karai, wakakurushia maji.

Kisha ukaja kwa mjane ambaye mbwa mwitu alimchukulia nguruwe wake wa pekee, Blasi akamwamuru mbwa mwitu, nguruwe akarudishwa mzima. Hapo ulikuwa unanigeukia kila mara. "Msabato, ziba masikio. Nguruwe anapita."

Na ulipofika kwa yule mtoto, sauti ilikuwa inashuka. Wawindaji wa gavana wamemkamata askofu, wanampeleka mjini afungwe, na njiani mama mmoja anakuja mbio, mtoto mikononi, mfupa wa samaki umemkwama kooni, macho yanageuka. Askofu mwenyewe amefungwa kamba. Anasimama. Anamwekea mkono, anaomba, mfupa unatoka, mtoto analia. "Mtoto analia!" ulirudia, kana kwamba kilio ndicho muujiza. Baadaye wakamchana ngozi kwa vitana vya chuma vya kuchambulia sufu, wakamkata kichwa, na hapo ulikuwa huongezi kitu. Ulikuwa unachukua tupa yako, unayatazama meno yake, unairudisha chini polepole.

Sasa nikuulize jambo ambalo sikuweza kukuuliza ukiwa hai, kwa sababu ulikuwa mkubwa wangu na ulikuwa na maumivu.

Mtu aliyeijua habari ya daktari kiasi hicho alikosaje kwenda kwa daktari?

Nakukumbuka ukianza. Ulimlaumu mwenye kinu cha posho. Ulimwambia mbele ya watu kwamba wimbi lake lina mchanga, ukahamia kinu cha ng'ambo, ukamlaumu na huyo. Halafu ukalaumu vumbi la mawe, ukafunga kitambaa chenye maji puani na mdomoni, ukawa unachonga kama mwizi wa ng'ombe. Halafu ukasema ni kilimi, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimerefuka. Hapo kila mtu akatikisa kichwa kwa kukubali, maana kwetu koo likisumbua, lawama humwangukia kilimi hata kama amelala zake. Ukaenda kwa yule mzee wa kukata vilimi. Ukarudi na damu kwenye kola, umefurahi, ukala ndizi mbivu mbele yetu sote kama ushahidi. Ndizi ilipita. Tukashangilia! Watu wazima, Mzee, tumesimama kwenye vumbi tunashangilia ndizi.

Wiki hiyohiyo ukarudi kwenye uji.

Hatimaye Mama Kerubo alikupeleka hospitali mjini Kisii kwa machozi yake. Wakakupa siku ya kurudi, wakuingize ule mpira wenye kamera waangalie huko chini kuna nini. Siku yenyewe ikaangukia sikukuu ya Blasi. Uliona ni ishara. Mimi niliona ni kalenda. Mama Kerubo akasema padre hatakasirika, Mungu hatakasirika, hata Blasi mwenyewe hatakasirika. Ukamjibu kwa ile sauti ndogo iliyokuwa imebaki: "Wewe mama, nitamkosaje mtu siku yake, na mimi ndiye ninayemchonga?" Ukaenda Nyamira. Ukapiga magoti, padre akakuwekea mishumaa miwili shingoni, kama wanavyobarikiwa makoo siku hiyo, akasoma sala. Nilikuwa nyuma kabisa nimekushikia koti, Msabato kati ya Wakatoliki, na nakuapia niliiitikia sala ile kwa nguvu kuliko wote. Na hospitali hukurudi tena mpaka uliporudishwa umebebwa, na daktari aliyekuona akamwita Mama Kerubo pembeni, akamwambia neno ambalo mpaka leo hatulitaji.

Sikasirikii mishumaa. Haikuahidi kitu ambacho haikutimiza. Nakukasirikia wewe. Fisi alikwenda kwa daktari, Mzee! Chui mwenye mwiba alikwenda, akangoja zamu yake. Ulitusimulia mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, tukacheka, na katika mlima mzima wa wanyama wako, aliyebaki nyumbani ni wewe peke yako.

Basi. Nimesema. Kalamu imetoboa karatasi hapo, utanisamehe.

Nikamwanza mtoto. Nililowesha jiwe, nikakata mabega, nikatoa mkono uliolegea, nikatoa magoti. Jiwe lilikuwa laini, lilinitii. Nikafika shingoni, na hapo mikono ikagoma. Mtoto anayekabwa lazima awe amefungua mdomo, na ili mdomo ufunguke lazima uingize ncha ya kisu ndani, uzungushe, utoe unga, uzidi kwenda chini. Kila nilipoingiza kisu koo langu lilijifunga. Nilikuwa namchonga yeye nakabwa mimi. Moraa alikuja bandani na chai akanikuta nimekaa nimeshika shingo. "Unaumwa?" Nikamwambia nampima mtoto. Akaiangalia shingo yangu, akaweka chai, akaondoka. Moraa si mtu wa maneno mengi, na siku hizi hata yale machache ameyapunguza.

Nilimaliza ule mdomo, sijui kwa nguvu gani. Uko wazi kabisa. Lakini nilipowatazama wote wawili kwa pamoja nikaona kosa, na kosa ni lako. Mtoto anakufa hapo chini, na askofu wako anatazama mawingu. Anaomba vizuri sana. Hajui mgonjwa yuko wapi.

Nimeyakata macho yake upya. Ndiyo, nimegusa kazi yako, piga kelele huko uliko. Jiwe haliongezwi, linapunguzwa tu, kwa hiyo nilikula kope za juu kidogo kidogo, nikashusha mboni, nikaondoa uvimbe mdogo chini ya jicho, na saa ya mwisho uso ukashuka wenyewe. Sasa anatazama moja kwa moja ndani ya mdomo wa mtoto. Mishumaa bado anayo, ila ameishika kama mtu anayetaka kuona vizuri.

Katekista wa kigango alipokuja kuikagua alizunguka mara kadhaa. Mtu mwema, suruali yake imepanda juu ya tumbo kama inakimbia mafuriko.

"Fundi, mbona anaangalia chini?"

"Anautafuta mfupa."

"Kwenye picha yetu anaangalia juu."

"Kwenye picha yenu hakuna mtoto."

Akainama, akachungulia mdomoni kwa mtoto yeye mwenyewe. Wote waliokuja kuiona wamefanya hivyo, hata Mama Kerubo. Yeye aliinama, akatazama, akaingiza ncha ya kidole humo ndani, akakitoa kina unga mweupe. Akaenda kwenye karai lake akapiga msasa mpaka jioni.

Kesho wanakuja kumchukua, maana kesho kutwa ni sikukuu yake. Katekista ananitaka niende nao Nyamira, nilale kwao, nisimame mbele akibarikiwa. Halafu akaniambia, kwa upole kabisa: "Na wewe utakuwa wa kwanza kuwekewa mishumaa, fundi. Usabato wako tutaufumbia macho." Hajui chochote kuhusu koo langu. Aliniheshimu tu. Lakini nilitaka kumwangukia mabegani nilie. Nilitaka sana kwenda, Mzee. Kwenda, kupiga magoti, kuguswa shingoni kwa sekunde chache, kurudi nyumbani na kusema nimefanya kitu. Nilikuelewa siku hiyo kuliko siku zote tulizokaa pamoja. Hukuwa mjinga. Ulikuwa na hofu, na pale kanisani hakuna mtu ambaye angekuambia jibu.

Nikamwambia katekista nitakwenda.

Hiyo ilikuwa jana asubuhi. Mchana nikajilaza bandani juu ya magunia, na ukaja. Ulikuwa mnene, yale mashavu yako ya zamani. Ulikuwa umebeba sahani: obokima wa moto, mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa usiku kucha ikapoteza uchungu wote, na kikombe cha maziwa ya mgando. Ulinisogezea kama mtu anayemkaribisha mwenziwe aliyechoka. Nikamega tonge. Nikachovya. Nikameza.

Likapita, Mzee. Lilishuka moja kwa moja kama zamani, sikuhisi hata mahali lilipopita. Nikamega la pili. Niliamka nikiwa nalia kwa furaha, na furaha ile ilidumu mpaka nilipokumbuka wewe ni nani sasa.

Unajua kwetu inasemwaje. Marehemu akikupa chakula ndotoni ukakataa, umepona. Ukila, watu wanakupa pole wakati bado unatembea, na wanaanza kukupima urefu kwa macho. Mimi nilikula. Nilikula kwa pupa, sikukumbuka hata kunawa. Huwa najicheka kwa mambo haya, nikiwa mzima. Jana nilikaa juu ya magunia meno yakigongana kwenye jua la mchana, nikaona wazi kwamba ninachotamani si kupona. Ninatamani kumeza tu, popote pale, hata iwe kwako. Hilo ndilo lililonitisha kuliko ugali wowote uliowahi kukwama.

Leo asubuhi nikaenda kwa Moraa. Alikuwa anachambua mboga. Nikakaa karibu naye nikachukua kishada, nikaanza kuchambua vibaya. Nikamwambia, "Moraa, chakula hakishuki." Maneno matatu. Nilidhani atapiga kelele, nilidhani majirani watakuja. Aliendelea kuchambua majani mpaka kishada chake kikaisha. Kisha akasema, "Kesho asubuhi. Tutakwenda wote. Na ukianza habari ya kilimi nitakukata mimi mwenyewe, na si kilimi." Akaingia ndani. 

Nimempigia katekista kumwambia siendi. Aliudhika kidogo. Akasema hata sanamu itashangaa kumkosa fundi wake. Nikamwambia fundi wake wa kweli ni wewe, na wewe pia hutakuwepo, tumezoea. Nikamwomba jambo moja: padre akishawawekea watu wote mishumaa, awaambie kwamba yule askofu alikuwa daktari. Akisema mara moja tu inatosha. Akaniuliza kwa nini. Nikasema ni katika habari za maisha yake, si vizuri kuruka.

Kwa hiyo kesho Blasi atapanda kuelekea Nyamira amefungwa kamba na kufunikwa magunia, na mimi nitapitia Suneka kuelekea hospitali. Sijui wataona nini. Labda ni kidonda kidogo. Labda ni yule mtu wako aliyekaa kitako, amehama nyumba. Nimejaribu kusali tangu alfajiri na kila sala inafika hapa nyuma ya mfupa na kukwama juu ya ile nyingine. Wewe ulimwombea kila mtu aliyepita bandani, hata wale waliokuja kuuliza njia tu. Kama huko mnaruhusiwa kusema neno, nisemee. Kama haturuhusiwi kusemewa sisi wa Sabato, sema ni kwa ajili ya Moraa, yeye mama yake alikuwa Mkatoliki.

Nakuahidi haya, na ninayaandika ili yasiwe ya mdomo tu. Nitafungua mdomo. Wakiniambia nimeze mpira, nitaumeza, hata kama ndicho kitu cha mwisho nitakachomeza. Wakinipa siku ya kurudi, nitarudi siku hiyo, hata ikiwa ni Sabato, hata ikiwa ni siku ya kuzikwa mtu. Wakiniambia neno lile, nitakuja na Moraa nimwambie Mama Kerubo mwenyewe, asiletewe na upepo.

Na wewe nakuomba kitu kimoja. Usije tena na sahani. Najua ulikuja kwa mapenzi, hukuwahi kula peke yako. Lakini ukija, nitakuamkia kwa heshima zote, nitakuuliza habari za huko, nitaketi nawe ukitaka. Mikono yangu nitaikalia.

Lala salama, Mzee wangu. Mimi bado nina njaa ya huku.

Mwanafunzi wako,
Nyakundi